Aldo Leopold, mwanamisitu aliyerudisha maua ya mbuga kwa mbegu

Kutoka Texas hadi ndani ya nchi jirani ya Kanada, katikati ya Marekani Kaskazini palikuwa na bahari ya nyasi na maua ambayo msafiri aliweza kuitembea kwa wiki nyingi bila kuiona mwisho. Sehemu kubwa yake ilitoweka chini ya plau katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Aldo Leopold, aliyezaliwa wakati uharibifu huo ulipokuwa karibu kukamilika, alitumia miaka yake ya mwisho kutafuta jibu la swali ambalo wachache walikuwa wameliuliza kabla yake: je, mbuga iliyokwisha kulimwa inaweza kupandwa upya? Baadhi ya jibu hilo alilipata vuka mpaka, katika milima ya Mexico.

Ardhi iliyogeuzwa kwa plau

Wamarekani huziita mbuga hizo prairi. Upande wa mashariki, mvua inakonyesha zaidi, nyasi zake zilikuwa ndefu kumpita mtu mzima, na katikati ya nyasi hizo yalichanua maua ya mwituni ya mamia ya aina, kila moja kwa wiki yake, kuanzia theluji inapoyeyuka hadi baridi ya kwanza ya vuli. Nguvu ya mimea hiyo ilikuwa chini ya ardhi. Mizizi ya baadhi yake ilishuka zaidi ya mita 3, na kwa kuishi na kufa kwa maelfu ya miaka ilijenga udongo mweusi ambao una rutuba kuliko sehemu nyingi za dunia.

Mbuga hizo hazikuwa ardhi isiyo na wenyewe. Wahindi Wekundu wa eneo hilo, wakiwemo Waho-Chunk na Wapotawatomi, walizichoma kwa makusudi ili majani mapya yaote na wanyama wa kuwinda wavutike. Moto huo ndio ulioizuia miti isiyameze majani. Katika miaka ya 1830 serikali ya Marekani iliwalazimisha wenyeji hao kuziacha ardhi zao kusini mwa Wisconsin na katika majimbo ya jirani. Mwaka 1837, katika jimbo la Illinois, mhunzi John Deere alitengeneza plau yenye ubapa wa chuma cha pua uliong'arishwa, ambao udongo ule mzito haukuung'ang'ania. Walowezi waliokuja nyuma ya plau hiyo waliigeuza mbuga kuwa mashamba ya mahindi na ngano. Leo hii, Illinois imebakiwa na chini ya asilimia 0.1 ya mbuga zake za asili, na eneo lote la nyasi ndefu limebakiwa na chini ya asilimia 4.

Kijana wa Burlington

Rand Aldo Leopold alizaliwa tarehe 11 Januari mwaka 1887 katika mji wa Burlington, jimbo la Iowa, kwenye kilima kinachoutazama Mto Mississippi. Ukoo wake ulitoka Ujerumani, na lugha ya Kijerumani ilizungumzwa nyumbani mwao. Baba yake, Carl, alikuwa na kiwanda cha meza za kuandikia. Alikuwa pia mwindaji aliyejiwekea mipaka hata pale sheria ilipokuwa haijaweka, na watoto wake waliyaona hayo na kuyashika.

Kijana huyo alisoma misitu katika Chuo Kikuu cha Yale na kupata shahada ya uzamili mwaka 1909. Mwaka huohuo aliajiriwa na idara ya misitu ya serikali kuu, akapelekwa Arizona, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijawa jimbo. Kazi yake ilikuwa kupima miti milimani akiwa juu ya farasi.

Katika siku hizo Leopold aliamini kama walivyoamini wenzake, kwamba mbwa mwitu ni adui wa kulungu na wa mfugaji, na kwamba kila mbwa mwitu anayeuawa ni faida kwa nchi. Yeye mwenyewe alishiriki kuwapiga risasi, na kwa miaka kadhaa alikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya kuwamaliza wanyama wala nyama wa kusini magharibi. Aliamini vilevile kwamba moto ni uharibifu mtupu na kazi ya mwanamisitu ni kuuzima popote unapowaka. Imani zote mbili alikuja kuzitupa, lakini ilimchukua miaka mingi.

Mwaka 1912 alimwoa Estella Bergere, binti wa familia yenye mizizi mirefu huko New Mexico. Mwaka uliofuata, baada ya kunyeshewa na kulala katika baridi akiwa safarini kikazi, aliugua ugonjwa wa mafigo uliokaribia kumuua. Alikaa zaidi ya mwaka mmoja bila kuweza kurudi kazini. Aliporejea alianza kutazama kwa makini zaidi jinsi mifugo mingi kupita kiasi ilivyokuwa ikiyavua mabonde nyasi zake, na mito ikiubeba udongo. Ni kwa hoja zake kwamba mwaka 1924 serikali ilitenga eneo la Gila, huko New Mexico, liwe pori lisilopitishwa barabara, la kwanza la aina yake katika misitu ya taifa ya Marekani.

Malisho ya farasi yageuzwa maabara

Mwaka huohuo wa 1924 alihamia Madison, mji mkuu wa jimbo la Wisconsin. Mwaka 1933 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilimpa kiti cha uprofesa wa usimamizi wa wanyamapori, cha kwanza nchini humo. Ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi. Nyanda za magharibi zilikuwa zimekauka, na upepo ulikuwa ukiupeperusha udongo wa mashamba yaliyolimwa juu ya mbuga, hadi mawingu ya vumbi yakafika katika miji ya pwani ya mashariki.

Tarehe 17 Juni mwaka 1934, chuo kikuu hicho kilizindua hifadhi mpya ya mimea pembezoni mwa Madison. Kwa desturi, hifadhi kama hiyo ilikuwa bustani ya kuonyesha miti iliyokusanywa kutoka kila pembe ya dunia. Leopold, aliyekuwa mmoja wa viongozi wake, aliwaeleza wageni mpango tofauti kabisa: kuirudisha sura ya Wisconsin kama ilivyokuwa walowezi wa kwanza walipofika, ili watu waweze kupima ni kiasi gani wameibadilisha na kwa gharama gani.

Mtaalamu wa mimea Norman Fassett alihimiza kwamba kazi hiyo ianze na mbuga. Lakini eneo lililokuwepo lilikuwa shamba la zamani lililokwisha kulimwa, kisha likageuzwa malisho ya farasi, na lilikuwa limejaa nyasi zilizoletwa na Wazungu. Hapakuwa na kitabu cha kufuata. Mwaka 1936 alifika mtaalamu wa ekolojia aliyeitwa Theodore Sperry, akakabidhiwa vijana wasio na ajira waliokuwa wakilipwa chini ya mpango wa Rais Franklin Roosevelt wa kuhifadhi mazingira. Kwa majembe na sepetu, vijana hao walikwenda kwenye mabaki ya mbuga yaliyosalia kando ya reli na kwenye miteremko isiyolimika. Walikusanya mbegu, wakachimba mimea pamoja na udongo wake, wakavipanda katika malisho yale ya farasi. Mengine yalikufa kwa ukame wa miaka ile. Mengine yalishika.

Banda la kuku kando ya mto

Leopold hakutaka kubaki mshauri wa wengine tu. Mwaka 1935 alinunua shamba lililotelekezwa kando ya Mto Wisconsin, karibu na Baraboo. Lilikuwa na udongo wa mchanga uliochoka, na nyumba yake ilikuwa imeteketea. Jengo pekee lililokuwa limesimama lilikuwa banda la kuku, lenye samadi hadi magotini. Familia ililisafisha, ikaliezeka upya, na ikaanza kwenda huko kila mwisho wa wiki, si kwa mapumziko bali kwa kazi.

Walipanda misonobari katika masika ya mwaka 1936, na ukame wa mwaka huo ukaua karibu yote. Wakapanda tena mwaka uliofuata, na uliofuata, hadi ikafikia makumi ya maelfu. Mbele ya banda walianza kupanda maua na nyasi za mbuga, mengine kwa mbegu, mengine kwa miche iliyochimbwa mahali yalipokuwa hatarini kulimwa. Kila asubuhi kabla ya jua kuchomoza, Leopold alikaa nje na daftari lake akiandika ni ndege gani ameimba kwanza, ua gani limechanua na tarehe gani. Daftari hizo baadaye zilitumiwa na wanasayansi kupima jinsi masika ya Wisconsin yanavyozidi kuwahi kutokana na mabadiliko ya tabianchi.

Alichokiona Mexico

Mnamo Septemba mwaka 1936, Leopold alivuka mpaka kwenda kuwinda katika milima ya Sierra Madre, jimbo la Chihuahua, kaskazini mwa Mexico. Alirudi huko tena mwishoni mwa mwaka 1937 akiwa na mwanawe Starker. Milima hiyo ilifanana mno na ile ya Arizona na New Mexico aliyoifanyia kazi ujanani: mawe yaleyale, mvua ileile, miti ileile. Lakini upande wa Marekani mabonde yalikuwa yamechimbika na mito kujaa matope. Upande wa Mexico, Mto Gavilán ulipita maji maangavu kati ya kingo zilizofunikwa na majani.

Sababu aliziona wazi. Kwa miongo mingi Waapache, na baada yao misukosuko ya mapinduzi, walikuwa wamewazuia wafugaji wakubwa wasiijaze milima ile ng'ombe. Mioto midogo ilikuwa ikipita mara kwa mara bila ya mtu kuizima, na miti haikuwa na dalili ya kudhurika. Mbwa mwitu na simba wa milimani walikuwepo, na kulungu walikuwepo kwa wingi, lakini si kwa wingi wa kuumaliza msitu. Yote aliyofundishwa kuyapiga vita yalikuwa pale, na ardhi ilikuwa na afya.

Safari hizo zilimbadilisha. Leopold alikuja kukiri kwamba maisha yake yote ya awali alikuwa ameiona ardhi iliyo mgonjwa tu, asijue kwamba inaumwa kwa kuwa hakuwa amewahi kuiona iliyo nzima. Kuanzia hapo alishikilia kwamba kila nchi inahitaji kubakiza vipande vya ardhi isiyoguswa, kama kipimo. Kwa mkulima wa ngano, kipimo hicho ni mbuga. Aliutaja ushahidi wa Profesa John Weaver wa Nebraska, aliyeonyesha kwamba katika ukame wa miaka ya 1930 mimea ya asili ilivumilia kuliko mazao ya shambani, kwa sababu mizizi ya aina mbalimbali hugawana tabaka za udongo, moja ikinywa juu na nyingine chini, bila kuliacha tabaka lolote wazi.

Mbegu inayodai baridi na moto

Kuiotesha mimea hiyo hakukuwa kazi nyepesi. Mahindi huota siku chache baada ya kupandwa, lakini mbegu nyingi za maua ya mbuga hukataa kuota kwa joto na maji peke yake. Zinataka kwanza zipitiwe na wiki nyingi za baridi na unyevu. Huo ni ulinzi wa maumbile: mbegu inayodondoka Oktoba ikiota mara moja, mche wake utauawa na theluji. Mpandaji anayeijua siri hiyo huzisia mbegu zake mwishoni mwa vuli, juu ya udongo ulio wazi, na kuuachia majira ya baridi kazi iliyobaki. Vinginevyo huzichanganya na mchanga mbichi na kuziweka mahali pa baridi hadi masika. Mbegu za jamii ya kunde zina ganda gumu, na hizo husuguliwa kwa msasa ili maji yapate pa kupenya. Mambo hayo yalipimwa aina kwa aina na wataalamu wa chuo kikuu hicho, John Curtis na Henry Greene, waliochapisha matokeo yao mwaka 1950.

Kinachofuata ni subira. Mwaka wa kwanza, mche huonyesha majani machache tu juu ya ardhi, kwa kuwa nguvu zake zote zinakwenda kwenye mizizi. Asiyejua hudhani shamba limeshindwa, akalilima tena. Maua huanza kuonekana vizuri mwaka wa tatu au wa nne, na aina nyingine hungoja zaidi.

Tatizo kubwa lililobaki lilikuwa nyasi za kigeni, ambazo huwahi kuota masika na kuibana mimea ya asili. Curtis alijaribu kuchoma baadhi ya viwanja na kuviacha vingine. Moto wa mwanzo wa masika uliziunguza nyasi za kigeni zikiwa tayari zimechipua, ilhali mimea ya mbuga, iliyokuwa bado imelala chini ya udongo, ilitoka baadaye ikiwa na nguvu zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1948. Sayansi ilikuwa imethibitisha kile ambacho Waho-Chunk na jirani zao walikifanya kwa karne nyingi kabla ya kufukuzwa.

Mmea wa makaburini

Katika njia ya kwenda shambani kwake, Leopold alikuwa akipita makaburi ya zamani yaliyoanzishwa na walowezi katika miaka ya 1840. Katika kona moja yenye uzio, ambako fyekeo halikuwahi kufika, ulikuwa umesalia mmea mmoja mrefu wa jamii ya alizeti ambao majani yake huelekea kaskazini na kusini, na ambao kwa sababu hiyo watu huuita mmea wa dira. Zamani mimea hiyo ilifunika maelfu ya ekari. Sasa huo ulikuwa labda wa mwisho katika sehemu ile ya wilaya. Kila Julai aliungojea uchanue. Kisha mwaka mmoja akakuta uzio umeondolewa na mafundi wa barabara, na mmea umekatwa.

Alijaribu kuhamishia shambani kwake mmea mwingine wa aina hiyo. Alichimba hadi akachoka bila kuufikia mwisho wa mzizi. Akaamua kupanda mbegu. Ziliota upesi, lakini baada ya miaka mitano ya kungoja, miche yake ilikuwa bado michanga, haijatoa hata shina moja la maua. Hapo aliielewa tofauti ya kuhifadhi na kurudisha. Kukata kulichukua dakika chache, na kurudisha kungehitaji sehemu kubwa ya umri wa mtu. Tena, bila ile kona ya makaburini na nyingine kama hiyo, pasingekuwa hata na mbegu ya kuanzia.

Moto wa jirani

Tarehe 14 Aprili mwaka 1948, Leopold alipata habari kwamba shirika la uchapishaji la Oxford limekubali kukichapisha kitabu chake cha insha, baada ya wachapishaji wengine kukikataa. Siku chache baadaye alikwenda shambani na mkewe na binti yao mdogo kwa kazi ya upandaji ya masika. Asubuhi ya tarehe 21 Aprili waliona moshi upande wa shamba la jirani. Moto ulikuwa umetoroka na ulikuwa ukija kwa upepo kuelekea kwenye misonobari waliyoihangaikia kwa miaka kumi na zaidi.

Leopold alichukua pampu ya maji ya mkononi, akaenda kusaidiana na majirani kuuzima. Akiwa peke yake kwenye majani, moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 61. Alizikwa Burlington, mji aliozaliwa.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1949. Mwanzoni hakikupata wasomaji wengi, lakini tangu miaka ya 1960 kimeuzwa nakala zaidi ya milioni 2. Hoja yake kuu ni kwamba mwanadamu si bwana wa ardhi bali ni mwanajamii mmoja kati ya wengi, pamoja na udongo, maji, mimea na wanyama, na kwamba ana wajibu kwao kama alivyo na wajibu kwa jirani yake.

Yaliyobaki

Malisho yale ya farasi yapo hadi leo, yakiitwa Mbuga ya Curtis, na hutajwa kuwa mbuga kongwe kuliko zote duniani zilizorudishwa kwa mkono wa mwanadamu. Karibu nayo ipo nyingine ambayo Henry Greene aliipanda katika miaka ya 1940 na 1950, sehemu kubwa kwa mikono yake mwenyewe. Nina, binti wa Leopold, alirudi kuishi karibu na banda lile la kuku, akaendelea kupanda maua ya mbuga na kuandika tarehe za kuchanua hadi uzeeni.

Hata hivyo, kazi haijakamilika. Takriban miaka 90 baada ya kuanzishwa, Mbuga ya Curtis bado inasumbuliwa na magugu yanayostawishwa na maji ya mvua kutoka mitaa ya mji, na inapaswa kuchomwa na kupaliliwa ili isirudi nyuma. Wanaoitunza wanajua kwamba walichonacho ni mfano wa mbuga ya kale, si mbuga ya kale yenyewe. Ndiyo maana kila vuli watu wa kujitolea huingia katika majani makavu wakiwa na mifuko na ndoo, wakachuma mbegu kichwa kwa kichwa, wakiacha nyingine zidondoke mahali pake, na kuzisubirisha zile walizochuma hadi baridi ifanye kazi yake.